Kiestonia cha mtaani, mezani na kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na Waswahili wanaohamia Estonia kusoma, kufanya kazi au kumfuata mwenza, na ambao wameshachoka kutabasamu tu pale jirani anapofungua mdomo. Waestonia wenyewe hupenda kusema kwamba lugha yao ni ngumu, tena wanalisema hilo kwa majivuno kidogo. Ngumu ni kweli. Lakini kwa mtu aliyelelewa na "hodi", "shikamoo" na "habari za tangu juzi", kinachomsumbua mwanzoni ni kujua lini aseme na lini anyamaze. Sarufi itamsubiri.

Kiestonia ni ndugu wa Kirusi?

Hapana, na usimwambie hivyo Mwestonia siku ya kwanza. Ndugu yake wa karibu ni Kifini, na kwa mbali sana Kihungari. Kirusi utakisikia kwa wingi Narva, mji ulio mpakani na Urusi, na katika baadhi ya mitaa ya mji mkuu, Tallinn, kama Lasnamäe. Hayo ni matokeo ya enzi ya Kisovieti iliyokwisha 1991, hayana uhusiano na asili ya lugha. Kiestonia kina wazungumzaji kama milioni moja na laki moja tu, na tangu 2004 ni moja ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya.

Kwa Mswahili kuna faraja mbili tatu. Neno *ta* ni "yeye", awe mwanamume au mwanamke, kama kwetu. Mahali panaoneshwa kwa kuongeza kitu mwishoni mwa neno, kama -ni yetu ya "nyumbani": *maja* ni nyumba, *majas* ni ndani ya nyumba, *majast* ni kutoka nyumbani. Miishio ya namna hiyo inapangwa katika hali 14. Mwezi wa kwanza usizihesabu.

Herufi zenye nukta na vijimkia nazitamkaje?

*Ü*: sema "i" huku midomo umeiviringa kama unayepuliza mshumaa. *Ö*: sema "e" kwa midomo hiyohiyo. *Ä* iko katikati ya "a" na "e", mdomo wazi. *Õ* ndiyo inayowatoa watu jasho: sema "u" lakini midomo uitandaze kama unayetabasamu. *J* ni "y" yetu, kwa hiyo *jah* (ndiyo) inaanza kama "yai".

Mkazo unakaa silabi ya kwanza, si ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Neno maarufu linaloasi kanuni hiyo ni *aitäh*, yaani asante, ambalo mkazo wake uko mwishoni. Na jihadhari na tabia yetu ya kufunga kila neno kwa irabu. *Normaalselt* isiwe "normaalselti".

Urefu wa sauti ni jambo la kufa na kufaa, na mfano wenyewe ndio huo: kwetu "kufa" na "kufaa" si kitu kimoja. Wao wana hatua tatu. *Sada* ni mia. *Saada* ikivutwa kidogo ni "tuma!", na *saada* hiyohiyo ikivutwa zaidi ni "kupata". Kwenye maandishi hizo mbili za mwisho hazitofautiani hata kidogo.

Nikikutana na mtu naanzaje?

*Tere.* Naye atajibu *tere*. Mmemaliza.

Najua inauma. Sisi salamu ni safari: umeamkaje, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi, na mvua je. Wao salamu ni kama kubisha kengele mara moja. Unaweza kuirefusha kwa wakati wa siku: *tere hommikust* asubuhi, *tere päevast* mchana, *tere õhtust* jioni. *Head ööd* ni usiku mwema, ni ya kuagana, usimkaribishe nayo mgeni. Vijana na marafiki husema *tšau*, na hiyo inatumika kufika na kuondoka pia.

Ukimwona mtu yuleyule tena baada ya saa mbili kwenye korido, hutakiwi kumsalimu upya. Kuinamisha kichwa kidogo kunatosha. Wengi wetu hapa huwa tunakosea kwa wema: tunasalimu mara nne kwa siku, na mwenzetu anaanza kujiuliza kama tumesahau kwamba tulishaonana.

"Kuidas läheb?" si ndiyo "habari gani?"

Kwa maneno, karibu: "inaendaje?" Kwa matumizi, hapana. Usimuulize keshia wala dereva wa basi. Inaulizwa kwa mtu mnayefahamiana, na mwulizaji anaweza kukaa kimya kusubiri jibu la kweli. Ipo pia *kuidas käsi käib?*, ambayo neno kwa neno ni "mkono unatembeaje?" Nzuri, lakini ya kizamani kidogo.

Majibu ndiyo yenye utamu. Sisi hata mwenye homa husema "nzuri". Mwestonia mwenye furaha tele atajibu *normaalselt* (kawaida), au *pole viga* (si mbaya), au *vaikselt*, yaani kimyakimya, taratibu. Ukisikia *hästi*, vizuri, jua huenda mtu ameoa. Usifikiri ana huzuni. Ameshindwa tu kuona sababu ya kujisifu.

Kwa nini kila mtu ananiambia "pole"?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Unadondosha sarafu dukani, unainama kuomba radhi, na mwenye duka anasema *pole hullu*. Unachelewa dakika mbili, mwalimu anasema *pole midagi*. Moyo unakuambia: kumbe hawa watu wana huruma, tena kwa Kiswahili!

*Pole* yao, inayotamkwa karibu sawasawa na yetu, ni sawa na *ei ole*: "si" au "hakuna". *Pole viga* ni "hakuna kasoro". *Pole hullu* ni "si jambo la kutisha". *Pole midagi* ni "si kitu". *Pole aega* ni "hakuna muda", na hiyo utaisikia sana. Ajabu ni kwamba mara nyingi linatokea pale ambapo sikio la Mswahili linategemea pole: umekosea, umeumia, umeomba msamaha. Kwa hiyo unaweza kuishi na kosa hilo miezi mingi bila kugutuka, mpaka siku utakapomwambia mwenzako aliyefiwa "pole" naye akusubiri umalizie sentensi. Hakuna nini?

Faida yake: neno hili utalishika kwa siku moja. Keshia akiuliza *kas kliendikaart on?*, una kadi ya mteja, jibu tu *pole*. Sahihi kabisa.

Basi nikitaka kusema pole ile ya kwetu?

Neno moja linalobeba yote hakuna. Unachagua kulingana na tukio.

Aliyejikwaa: *kas sa said haiget?*, umeumia? Mgonjwa: *saa ruttu terveks!*, upone haraka. Aliyekosa kazi au mtihani: *nii kahju*, inasikitisha kweli. Aliyefiwa: *tunnen kaasa*, ninahisi pamoja nawe, au kwa urasmi zaidi *avaldan kaastunnet*. Kwenye msiba usiongeze hotuba. Ukishasema maneno hayo mawili, kukaa karibu bila kusema kitu kunaeleweka kuliko unavyodhani.

Na "pole na kazi"? Hiyo wanayo, na ni nzuri mno. Ukimpita mtu anapasua kuni, analima bustani au anakoroga zege, unasema *jõudu tööle!*, "nguvu kwa kazi!" Naye anajibu *jõudu tarvis!*, "nguvu inahitajika!" Kama "pole na kazi" na "nimeshapoa". Ni salamu ya mashambani kwa asili, lakini hata leo ukimtupia jirani anayehema na koleo la theluji mbele ya mlango, utaona uso umefunguka. Katika yote niliyojifunza, hii ndiyo iliyonifanya nijisikie nimefika mahali penye watu.

"Palun" ina maana ngapi?

Nyingi mpaka inachosha. Ukiomba, ni "tafadhali". Ukimpa mtu kitu, ni "chukua". Akikushukuru, ni "karibu". Ukiinua sauti mwishoni, *palun?*, ni "umesemaje?" Usipojua useme nini, sema *palun* na utakuwa umebahatika nusu ya safari.

Kushukuru ni *aitäh* au *tänan*. *Suur tänu* ni shukrani kubwa. Kusini utasikia *aitüma* au *aitjumma*. Asili yake ni *aita jumal*, Mungu asaidie. Kwa hiyo Mwestonia, hata asiyekanyaga kanisani, akisema asante anamtaja Mungu nusunusu.

Kuomba radhi ni *vabandust*, hiyohiyo kwa kumpita mtu kwenye basi na kwa kumkanyaga.

Shikamoo wanaisemaje?

Hawana. Umri hauna salamu yake. Heshima iko kwenye nafsi ya pili: *sina* (au *sa*) kwa rafiki, mtoto na wa rika lako, *teie* (au *te*) kwa mtu mzima usiyemjua, ofisa, daktari, mzee wa ghorofa ya chini. *Teie* ni ileile ya "ninyi", kama vile mtu mmoja mwenye heshima ni sawa na watu kadhaa. Ukiwa na shaka, anza na *teie*. Mara nyingi mkubwa ndiye anayefungua mlango wa *sina*, na wewe ukitaka kuuliza, sema *kas me võime sinatada?*

Kazini hali ni tofauti. Ofisi nyingi watu huitana kwa jina la kwanza, bosi naye yumo. Mswahili huona aibu kumwita mkurugenzi wa miaka 60 kwa jina kavu, ila ukijaribu kumpachika vyeo ndipo atakapoona ajabu. Shuleni watoto humwita mwalimu *õpetaja*, yaani mwalimu, bila jina, kama sisi.

Hivi wamenikasirikia? Mbona wamenyamaza?

Hawajakukasirikia. Wana methali: *rääkimine hõbe, vaikimine kuld*, kusema ni fedha, kunyamaza ni dhahabu. Wengi wanaitumia kama kanuni ya basi na lifti. Kimya mezani hakijazwi haraka. Mtu akimaliza kusema, subiri kidogo. Huenda hajamaliza, anavuta pumzi.

Na kuvuta pumzi huko kuna lugha yake. Baadhi yao, hasa wanawake wa makamo kama nilivyosikia mimi, husema *jah* kwa kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa, kama mtu aliyeshtuka. Mara ya kwanza nilimuuliza jirani kama anahitaji maji. Alikuwa ananikubalia tu.

Ukiitwa nyumbani kwa mtu, nenda kwa saa mliyokubaliana, vua viatu mlangoni (watu wa pwani hamtapata shida), na ukibeba maua hesabu yake iwe witiri: matatu, matano. Maua ya shufwa ni ya kaburini. Hodi ya kupita bila taarifa si desturi. Mlangoni watakuambia *tere tulemast*, karibu, na *astu edasi*, pita ndani.

Mezani nasema nini?

*Head isu!*, hamu njema, kabla ya kuanza. Hiyo utaisikia kila kantini. Ya zamani, na tamu zaidi, ni *jätku leiba!*: "mkate uendelee!" Inasemwa na anayeingia akawakuta watu wanakula. Nao hujibu *jätku tarvis!*, "kuendelea kunahitajika!" Umeona umbo lake ni lilelile la salamu ya kazi? Anayepita anatakia, anayefanya anakiri kwamba anakihitaji kile alichotakiwa.

Mkate unaotajwa hapo ni *leib*, mkate mweusi wa rai (nafaka iitwayo *rye* kwa Kiingereza), mzito na wenye uchachu. Mkate mweupe wana jina lake jingine, *sai*, nao hautajwi kwenye baraka. Kwetu mtu akila bila ugali au wali anasema hajala. Wao wanauzungumzia *leib* namna hiyohiyo.

Ukishiba, *aitäh, kõht on täis*: asante, tumbo limejaa. Hakuna kulazimishana mara tatu kama kwetu. Ukikataa mara ya kwanza kwa adabu ukitegemea utaombwa tena, utalala njaa. Nimeonya.

Glasi zikiinuliwa ni *terviseks!*, kwa afya. Neno hilohilo unamwambia aliyepiga chafya.

Miadi ilinipita kwa sababu ya "pool kolm". Ina maana gani?

*Kolm* ni tatu, *pool* ni nusu. Mswahili anasikia "tatu na nusu", na anakosea mara mbili. Kwanza wao wanahesabu saa kwa mtindo wa Ulaya, ambapo tatu mchana ndiyo tisa yetu. Pili, *pool kolm* si tatu na nusu. Ni nusu ya kuiendea tatu. Kwa hiyo ni saa nane na nusu mchana kwa Kiswahili. *Veerand kolm* ni saa nane na robo, na *kolmveerand kolm*, robo tatu ya kuiendea tatu, ni saa tisa kasorobo. Wiki za mwanzo omba waandike kwa tarakimu.

Siku za wiki nazo zina mtego wake, maana wao kama sisi wameziita kwa namba. *Kolmapäev* ni "siku ya tatu", na kila Mswahili akili inamkimbilia Jumatatu. Lakini sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, wao wanaanza Jumatatu, kwa hiyo *kolmapäev* ni Jumatano. Dawa ni kujumlisha mbili: *esmaspäev*, siku ya kwanza, ni Jumatatu, *teisipäev*, ya pili, ni Jumanne, ya tatu ni Jumatano. *Neljapäev*, ya nne, ni Alhamisi, na hapo hesabu yetu inaingia Uarabuni, dawa imekwisha nguvu. Zinazobaki ni *reede*, *laupäev* na *pühapäev*, Ijumaa hadi Jumapili.

Kwenye simu?

Mtu anapokea kwa *kuulen*, ninasikia, au anataja jina lake. Mnasema lililowapigisha simu. Kisha mmoja anasema *davai*, mwingine *davai, tšau*, imekatika. *Davai* ni Kirusi, "haya basi", nayo imeganda kwenye ndimi za watu kiasi kwamba hata asiyependa Kirusi anaagia nayo. Kwa ofisi tumia *kuulmist* au *head aega*.

Mkiagana ana kwa ana: *nägemist* au *head aega*, na *homseni* kama mtaonana kesho. Mkishasema, mwondoke. Kule kusindikizana hadi kituoni, mkasimama tena nusu saa, ni kwetu.

Maneno madogo kama "noh" na "vä" ni ya nini?

Ni chumvi. *Noh* ni "haya", "enhe", "vipi sasa", na "sikutegemea jingine kutoka kwako", kutegemea sauti. *No nii* inasemwa mtu anapoinuka kitini, anapomaliza kufunga skrubu, au mwalimu anapotaka darasa litulie. *Nojah* ni ya kukubali kwa unyonge. *Kuule*, sikia, inafungua habari kama "hebu sikia" yetu. *Eks* mwishoni ni "sivyo?": *tuled homme, eks?*, utakuja kesho, sivyo?

*Vä* ni ya vijana na ya mtaani, inageuza sentensi kuwa swali: *tuled vä?*, unakuja au? Imetokana na *või*, ambayo ni "au". *Või* pia ni siagi. Usiandike *vä* kwenye barua ya kuomba kazi.

Na jifunze *tubli*. Kamusi zitakuambia ni "hodari". Mtoto aliyemaliza chakula ni *tubli*, bibi aliyevuna viazi peke yake ni *tubli*, na wewe uliyeagiza kahawa kwa Kiestonia kilichovunjika ni *tubli* pia. Ni sifa ya juhudi, si ya kipaji. Watu hawa sifa hawazimwagi, kwa hiyo ukiipata, tunza.

Nimealikwa sauna. Nijiandae vipi, na kwa maneno gani?

Kwanza elewa kwamba umeheshimiwa. Neno kuu ni *leil*, mvuke unaopanda maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto. Ni neno la kale. Ndugu yake katika Kihungari, *lélek*, maana yake ni roho. *Viska leili!* ni "mwaga maji, tupate mvuke". *Head leili!* ni kuwatakia wanaoingia mvuke mwema. *Viht* ni kifurushi cha matawi ya mberchi chenye majani, cha kujipigapiga mwilini. Sauna ya moshi ya Võromaa, kusini-mashariki, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika.

Kuhusu nguo: aghalabu hakuna, wanaume na wanawake wakiingia kwa zamu isipokuwa familia. Kama huwezi, sema mapema kwamba utajifunga taulo. Hakuna atakayekununia. Na humo ndani, ajabu, ndimo Mwestonia anapozungumza. Mtu ambaye ofisini hukumsikia sentensi tatu kwa wiki atakueleza habari za baba yake.

Matusi?

*Kurat* ni ibilisi, na utalisikia nyundo ikiangukia kidole. Kwenye ujumbe wa simu hufupishwa *krt*. Lina sura nyingi: *kuradi hea* ni "nzuri ajabu". Lielewe, ila usilitumie. Mgeni akitukana kwa lafudhi mbovu huchekesha mara moja tu.

Kumtakia mtu bahati njema?

*Edu!* ni ya kawaida, mafanikio. Anayekwenda kwenye mtihani anaambiwa *kivi kotti!*, "jiwe mkobani!", na anayewasha gari *nael kummi!*, "msumari kwenye tairi!" Ni kuidanganya bahati mbaya: ukiitaja wazi, inapita njia nyingine. Ukitaka upole, *hoian sulle pöialt*, "nakushikia kidole gumba", na wengine watakukunjia ngumi wakionesha gumba limefichwa ndani.

Sikukuu?

*Häid jõule* kwa Krismasi. Siku chache kabla ya 31 Desemba watu huagana kwa *head vana aasta lõppu*, mwisho mwema wa mwaka wa zamani, na *head uut aastat* inangoja mwaka wenyewe uingie. Siku ya kuzaliwa ni *palju õnne sünnipäevaks!* Usiku wa 23 Juni kuamkia *jaanipäev*, siku ya Mtakatifu Yohana, mioto inawashwa nchi nzima na jua halitaki kuzama. Hapo sema *head jaaniõhtut*. Machi 14 ni siku ya lugha mama, aliyozaliwa mshairi Kristjan Jaak Peterson mwaka 1801.

Nikisema Kiestonia wananijibu kwa Kiingereza. Nifanyeje?

Wanadhani wanakusaidia. Sema *ma õpin eesti keelt*, ninajifunza Kiestonia, kisha *palun rääkige aeglasemalt*, tafadhali sema polepole. Usipoelewa, *ma ei saa aru*. Na jitambulishe: *olen Tansaaniast*, *olen Keeniast*, *olen Ugandast*, *olen Kongost*. Wakiuliza lugha yako, ni *suahiili keel*, na hapo mara nyingi wanataka kusikia neno. Wape "haraka haraka haina baraka", halafu waambie wao wana *tasa sõuad, kaugele jõuad*, ukipiga kasia taratibu utafika mbali. Mazungumzo hayo hayarudi tena kwenye Kiingereza kirahisi.

Nijifunzie wapi bila kulipa?

Keeleklikk ni kozi ya bure ya mtandaoni kwa wanaoanza, na Keeletee inaendelea hadi ngazi ya B1, ambayo ndiyo inayotakiwa kwa uraia. Kamusi nzuri ni Sõnaveeb ya Taasisi ya Lugha ya Kiestonia. Inakuonesha neno katika hali zake zote, jambo ambalo utalihitaji. Tallinn na Narva kuna nyumba za lugha, *eesti keele maja*, zenye *keelekohvik*, mikutano ya kuzungumza tu. Nenda huko hata ukiwa na maneno 30. Programu za simu zitakufundisha kwamba farasi anakunywa maziwa. Mkutanoni utaulizwa unaishi mtaa gani.

Kuna maneno mengine yanayofanana na yetu kama "pole"?

Yapo, na yanachekesha. *Sina* ni wewe. *Raha* ni pesa, kwa hiyo anayesema *raha pole* hajakosa furaha; ameishiwa. *Saba* ni mkia, na pia foleni. *Isa* ni baba, *ema* ni mama. *Kuku* ni "anguka", hivyo mama anayempigia mtoto kelele *ära kuku!* juu ya barafu hazungumzii mfugo. Kuku wenyewe ni *kana*. *Tule* ni njoo, na *tule sööma* ni njoo ule, mkutano wa maana ambao sijawahi kuupatia maelezo.

Na ukiona dukani mfuko umeandikwa KAMA kwa herufi kubwa, usidhani aliyeandika alikatishwa kabla hajamaliza. Ni unga wa shayiri, rai, oti na njegere zilizokaangwa. Unakorogwa na mtindi, na ukiongeza sukari kidogo watoto wa Kiswahili wanaumaliza.